Ni Kweli, Lakini Nilitumwa

Barazani Kibokoni, karibu na Fort Jesus mjini Mombasa, kijana akikamatwa na unga wa dawa za kulevya aliotwikwa na wakala, husemwa mawili: akieleza alilazimishwa ataachiliwa, au yuko mganga wa kufunga faili. La pili nalimaliza upesi. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14, na anayezimalizia kwa waganga amempotezea mwanawe rufaa. Mahakama huongeza muda kwa sababu ya maana. Hirizi si mojawapo.

La kwanza lina chembe ya ukweli. Kifungu cha 16 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humkinga aliyelazimishwa, ila vitisho vitoke kwa mshirika katika kosa lenyewe, viwe vya kuua au kujeruhi vibaya papo hapo, na vidumu muda wote wa kosa. "Tutamdhuru mamako baadaye" haitoshi. Pasipoti iliyofichwa na deni lisiloisha havimo kabisa. Inaniuma kuona wakili aking'ang'ania hapo ilhali ipo Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010, ambayo kifungu chake cha 14 humwondolea mwathiriwa hatia ya kosa lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Hapa haiulizwi kama alishikiwa kisu.

Lakini kesi nyingi hufia kizimbani siku ya kwanza, kabla hoja hiyo haijatolewa. Mshtakiwa anajibu: "Ni kweli, lakini nilitumwa, na pasipoti wamenichukulia." Hakimu anaandika "ni kweli". Kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinamzuia aliyekiri kukata rufaa, isipokuwa kuhusu adhabu, na jamaa wanakata tamaa. Wasikate! Katika Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu liandikwe kama alivyolitamka, kisha asomewe maelezo ya kesi na aulizwe kama anayakubali. Akitoa neno la kutia shaka, iandikwe amekana. Yakikosekana hayo, hakukiri.

Hata ng'ambo kukiri si mwisho wa mambo: Februari 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya wavulana wawili wa Vietnam waliokutwa Uingereza mwaka 2009 wakitunza bangi majumbani. Walikiri kwa ushauri wa mawakili wao, na rufaa ya kufuta hatia ikagonga mwamba. Mahakama hiyo ya Ulaya ikasema kukiri huko hakukuwaondolea haki zao, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amechunguza ipasavyo kama walilanguliwa. Basi ukiniletea faili la ndugu yako, nitakuomba kwanza ukurasa wa siku aliyosomewa shtaka.