Uso Usiosomeka

Sogeeni, wajukuu zangu, mkae vizuri. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina watu, tena ni ya kweli.

Mama akikunja ndita, hata kabla hajafungua kinywa, mnajua mambo si shwari. Rafiki akija na uso wa bashasha, mnajua ana habari njema. Hakuna aliyewakalisha chini kuwafundisha. Tangu uchanga mmekuwa mkisoma nyuso, hadi sasa mnazisoma kama msomaji hodari asiyehitaji tena kutamka herufi moja moja.

Lakini wako watu ambao kazi hiyo huwawia ngumu. Miongoni mwao ni wanaougua skizofrenia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya 300, na mara nyingi huanza ujanani. Mgonjwa anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kuwa watu wanamwandama. Hali hiyo huitwa saikosisi. Sauti ndizo zinazosimuliwa sana. Shida ya kusoma nyuso haisimuliwi.

Watafiti waliijuaje? Mwaka 1976, wanasaikolojia wa Marekani Paul Ekman na Wallace Friesen walitoa mkusanyo wa picha za nyuso zenye hisia sita: furaha, huzuni, hofu, hasira, mshangao na kinyaa. Picha hizo zilitumika katika tafiti nyingi. Mtu huonyeshwa uso mmoja baada ya mwingine, huku akiulizwa: huyu anahisi nini? Wenye skizofrenia walikosea zaidi kuliko wengine. Furaha waliitambua kwa urahisi. Hofu iliwatatiza mno. Hata uso uliotulia tu, baadhi yao waliuona umekasirika.

Vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho vilitoa fununu: wengi wao hawayatazami sana macho na mdomo wa mtu, mahali ambapo hisia hujitokeza zaidi.

Sasa fikirini kijana mwenye hali hiyo. Anaingia dukani. Muuzaji amechoka, uso wake mtulivu. Kijana anaona hasira, anatoka bila mkate aliotumwa. Kazini, msimamizi anamtazama kwa wasiwasi. Yeye hautambui wasiwasi huo, hivyo haulizi kama amekosea. Njiani jirani anamtazama kwa uso mtulivu; yeye anaona hasira, anapita bila kumsalimu. Basi watu wanasema, "Ana kiburi yule," na mialiko inakatika. Tafiti nazo zinaonyesha uhusiano huo: anayezitambua vizuri hisia za wengine kwa kawaida hujimudu zaidi kazini na kati ya marafiki. Dawa husaidia sana kutuliza zile sauti, lakini peke yake haziondoi shida hii.

Je, mtu mzima anaweza kufundishwa kusoma nyuso? Twendeni Düsseldorf, Ujerumani. Huko Wolfgang Wölwer na wenzake walitunga mafunzo ya vipindi 12. Wagonjwa wawili huketi na mwalimu mmoja mbele ya kompyuta. Kwanza hutaja kwa maneno kila wanachokiona: nyusi zimepanda, macho yamekodolewa, mdomo u wazi. Kisha hujizoeza kuutazama uso wote kwa pamoja. Mwishowe huuweka katika kisa: huyu yuko na nani, na kumetokea nini? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa waliopitia mafunzo hayo walitambua hisia vizuri zaidi kuliko walivyokuwa awali. Wenzao waliopewa mazoezi ya kumbukumbu na umakini hawakupata maendeleo hayo.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, shida haikuwa moyo mgumu. Ni ujuzi uliodhoofishwa na ugonjwa, na ujuzi hufundishika. Nanyi mna sehemu yenu. Mkikutana na mtu wa namna hiyo, msimwite chizi wala msimcheke. Yale mliyozoea kuyasema kwa uso, myaseme kwa ulimi: "Kaka, nimefurahi kukuona." "Sijakukasirikia, nimechoka tu." "Njoo ukae nasi." Maneno hayo hayagharimu kitu, na kwake yanaweza kuwa tofauti kati ya kujifungia chumbani na kuketi na wenzake.