Kichwa cha Lori kwa Tela Zito: Mnunuzi Aanze na Mteremko, Si Mlima

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma ina urefu wa zaidi ya kilomita 900, na juu yake hupita shehena ya Zambia na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inayohudumiwa na Bandari ya Dar es Salaam. Barabara hiyo huanzia usawa wa bahari, hupanda Mlima Kitonga mkoani Iringa, hupita katika nyanda zilizo juu ya mita 1,500, kisha hushuka na kupanda tena katika milima ya Mbeya na Songwe. Msafirishaji mdogo anayenunua kichwa chake cha kwanza, mara nyingi kilichokwishatumika na kwa fedha za mkopo, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: injini ina nguvu za farasi ngapi? Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. Lori linaloshindwa kupanda Kitonga husimama na kuleta foleni. Lori linaloshindwa kushuka halisimami.

Uchaguzi wa kichwa huanza na uzito, na uzito una mipaka miwili ambayo wanunuzi wengi huichanganya. Mpaka wa kwanza ni wa barabara. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inahusu magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 na kuendelea. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ekseli ya usukani hairuhusiwi kuzidi tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, ekseli mbili za pamoja tani 18, na ekseli tatu za pamoja tani 24. Uzito wa jumla wa gari, tela na mzigo hauruhusiwi kuzidi tani 56 hata kama ekseli ni nyingi kiasi gani.

Hesabu yake ni nyepesi, na inafaa ifanywe kabla fedha hazijatoka mfukoni. Kichwa chenye ekseli moja nyuma kinachovuta tela la ekseli tatu hufikia tani 42: yaani 8, 10 na 24. Kichwa chenye ekseli mbili nyuma, kikivuta tela lile lile, hufikia tani 50. Tofauti ya tani 8 ni kubwa kwa mfanyabiashara, hata baada ya kuondoa uzito wa ekseli iliyoongezeka. Aliyenunua kichwa cha ekseli moja kwa sababu ya bei nafuu, akatarajia kubeba kama jirani yake mwenye ekseli mbili, hukutana na ukweli huo kwenye mizani ya Vigwaza, Wenda au Makambako, tozo ikiwa mkononi.

Mpaka wa pili ni wa gari lenyewe, nao umeandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji, kwa kawaida karibu na mlango wa dereva. Kibao hicho huonyesha, pamoja na mengine, uzito wa juu wa kichwa, tela na mzigo kwa pamoja ambao gari liliundwa kuuvuta. Hapa ndipo vichwa kutoka Ulaya vinapohitaji jicho kali. Katika Umoja wa Ulaya kikomo cha kawaida cha safari za kimataifa ni tani 40, na tani 44 kwa baadhi ya shehena za makontena. Uingereza huruhusu tani 44 kwa gari la ekseli sita. Vichwa vingi vya huko vilijengwa kwa uzito huo na kwa barabara za mwendokasi. Kichwa ambacho kibao chake kinasoma tani 44 hakigeuki kuwa cha tani 50 kwa sababu sheria ya hapa inaziruhusu ekseli zake. Sheria hulinda lami. Kibao hulinda giaboksi, difu, chesisi na breki. Kati ya takwimu hizo mbili, ndogo ndiyo inayofuatwa.

Baada ya uzito huja mteremko. Tuchukue msafara wa tani 50 unaoshuka kwenye mteremko wa asilimia 8, yaani unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100 za mwendo. Kwa spidi ya kilomita 30 kwa saa, ili gari lisiongeze mwendo, ni lazima izuiwe nguvu ya takriban kilowati 300, sawa na nguvu za farasi 400. Nguvu hiyo haipotei, hugeuka joto. Kila gari hilo linaposhuka mita 100 za wima, joto linalozalishwa lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 130 za maji. Kama kazi yote hiyo imeachiwa breki za magurudumu, joto hilo lote huingia kwenye madramu na brekishu.

Dramu ikipata joto hupanuka na kujitenga na brekishu, hivyo mkono wa breki hulazimika kusafiri mbali zaidi ili kuifikia. Brekishu nayo, ikipita kiwango chake cha joto, hupoteza uwezo wa kushika. Dereva huhisi kanyagio likijibu polepole, huongeza mguu, na joto huzidi. Moshi na harufu ya kuungua vinapofika ndani ya kibini, nafasi ya kurekebisha imekwishapungua sana.

Kwa sababu hiyo, kichwa cha kazi ya milimani hupimwa kwanza kwa breki zake zisizotumia magurudumu. Ziko za aina tatu. Ya chini kabisa ni ile inayoziba njia ya moshi ili injini ipate upinzani. Husaidia, lakini kwa tani 50 haitoshi peke yake. Ya pili hufungua valvu wakati hewa imekwishabanwa ndani ya silinda, hivyo injini hugeuka pampu inayokula nguvu badala ya kuitoa. Hiyo ina uwezo mkubwa zaidi. Ya tatu ni ritada, inayofungwa kwenye giaboksi au shafti na kuzuia mzunguko kwa mafuta au kwa sumaku ya umeme. Ritada ya mafuta hupeleka joto lake kwenye rejeta, kwa hiyo rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka huiua ritada pia, jambo ambalo muuzaji hatalitaja.

Breki za injini hufanya kazi vizuri zaidi injini inapozunguka kwa kasi. Ndiyo maana gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, na ndiyo maana kuachia gia huru ili kuokoa dizeli ni kosa lisilo na utetezi: kitendo hicho hukata kabisa uhusiano kati ya injini na magurudumu. Kwenye lami yenye maji, hata hivyo, breki hizo zitumike kwa tahadhari, kwani hushika magurudumu ya kuendeshea pekee, na tela tupu linaweza kukisukuma kichwa na kukikunja.

Nguvu za farasi sasa zinapata nafasi yake. Kupanda mteremko ule ule wa asilimia 8 kwa kilomita 20 kwa saa, msafara wa tani 50 huhitaji zaidi ya nguvu za farasi 300 kwenye magurudumu. Injini ya 420 hupanda bila aibu. Iliyo kubwa zaidi hupanda haraka kidogo na hunywa zaidi. Injini za zamani zisizo na taboo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Zenye taboo huathirika kidogo sana, ingawa taboo iliyochoka hujulikana mapema zaidi Makambako kuliko Kibaha. Muhimu kuliko namba ya injini ni uwiano wa difu. Difu ya barabara za mwendokasi za Ulaya huipa injini utulivu kwenye tambarare, lakini humnyima dereva mvuto wa kuondoka katikati ya mlima akiwa na mzigo kamili, na klachi ndiyo hulipa.

Kwa barabara za vumbi na tope, suala la ekseli hurudi kwa sura nyingine. Kuwa na ekseli mbili nyuma si lazima kuwe na maana ya ekseli mbili zinazoendesha. Vichwa vingi kutoka Uingereza, vinavyopendwa kwa kuwa na usukani upande wa kulia, vina ekseli ya ziada inayobeba tu. Kwenye lami havina tatizo. Kwenye barabara ya machimbo au ya mashamba ya miti wakati wa masika, ekseli moja inayoendesha hukwama pale ambapo mbili zingepita.

Kanuni hizo haziwahusu wenye shehena pekee. Mkandarasi anayehamisha tela la makazi ya wafanyakazi, au taasisi yenye kliniki tembezi, huvuta sanduku jepesi kuliko kontena la shaba lakini refu kwenda juu na pana ubavuni. Hilo huyumbishwa na upepo na na magari yanayopishana nalo, na husamehe kidogo kwenye kona. Kwa matela ya aina hiyo, vitu vizito hupangwa chini na mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake.

Mwenye kununua kilichotumika akague kichwa pamoja na tela litakalovutwa, kwa kuwa breki za tela zisizofanya kazi hukiachia kichwa mzigo wote. Ukaguzi wa upepo hauhitaji kifaa chochote. Injini iwashwe hadi mitungi ijae, izimwe, kisha mtu mmoja akanyage breki na kushikilia huku mwingine akisikiliza kila gurudumu na kila kiungo cha mipira ya upepo, kichwani na kwenye tela. Mshale wa geji ukishuka waziwazi ndani ya dakika chache, kuna uvujaji, na bei haijadiliwi mpaka ulipo uvujaji huo papatikane.