Prosesa za nanomita 2 zaingia kwenye simu janja: mwananchi atarajie nini?

Na Mwandishi Wetu

Kampuni ya TSMC ya Taiwan, ambayo hutengeneza chipu kwa niaba ya kampuni nyingi kubwa za simu duniani, ilianza uzalishaji mkubwa wa chipu za kizazi kinachojulikana kama nanomita 2 katika robo ya mwisho ya mwaka 2025. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Samsung ya Korea Kusini ilitangaza Exynos 2600, prosesa yake ya kwanza ya simu ya kizazi hicho. Kampuni ya MediaTek, nayo ya Taiwan, ilikwisha kueleza mwezi Septemba 2025 kuwa imekamilisha usanifu wa prosesa yake ya nanomita 2, na kwamba uzalishaji wake unatarajiwa kuanza mwishoni mwa mwaka 2026. Wachambuzi wa soko wanatarajia kuwa Apple na Qualcomm nazo zitafuata njia hiyo.

Matangazo ya aina hii huambatana na asilimia nyingi za ongezeko la kasi, na mara yanapotoka wauzaji huanza kuwaeleza wateja kuwa simu walizonazo zimepitwa na wakati. Kwa mwananchi, hilo si jambo dogo. Simu janja leo ndiyo pochi ya fedha, ndiyo dirisha la kulipia huduma za Serikali kwa kumbukumbu namba ya malipo, na ndiyo inayomwezesha mwanafunzi kuomba mkopo wa elimu ya juu bila kusafiri. Anayenunua simu isiyomfaa hupoteza akiba ya miezi kadhaa. Anayebaki na simu isiyo salama huweka fedha zake rehani. Makala haya yanaeleza maana ya matangazo hayo, kiasi gani cha mabadiliko kinatarajiwa, na mambo ya kuzingatia kabla ya kufanya uamuzi.

Prosesa na maana ya nanomita

Prosesa, ambayo huitwa pia kichakataji, ni kipande kidogo cha silikoni kinachofanya hesabu zote za simu. Ndani yake mna sehemu kadhaa zenye kazi tofauti: ipo ya hesabu za jumla, ipo ya michoro na video, ipo ya kuchakata picha za kamera, ipo ya kazi za akili unde, na mara nyingi ipo modemu inayowasiliana na mnara wa mawasiliano. Sehemu zote hizo zimejengwa kwa transista, yaani swichi ndogo sana za umeme zinazojiwasha na kujizima mara mabilioni kwa sekunde. Prosesa ya A17 Pro iliyotolewa na Apple mwaka 2023, kwa mfano, ina transista bilioni 19.

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Hata hivyo, ni vyema ifahamike kuwa "nanomita 2" si kipimo cha kitu chochote halisi ndani ya chipu. Kwa zaidi ya miongo miwili sasa, namba hizo zimekuwa majina ya vizazi vya utengenezaji, kama vile magari yanavyopewa majina ya matoleo. Namba ikiwa ndogo inamaanisha kuwa kizazi ni kipya zaidi na transista zimesongamana zaidi, lakini "nanomita 2" ya kiwanda kimoja hailingani lazima na ya kiwanda kingine.

Mabadiliko ya kweli yaliyomo katika kizazi hiki yako kwenye umbo la transista yenyewe. Transista inaweza kufananishwa na bomba la maji lenye koki. Koki isipokaza vizuri, maji huvuja hata pale bomba linapokuwa limefungwa. Kadiri transista zilivyopungua ukubwa, ndivyo umeme ulivyozidi kuvuja, na umeme unaovuja hugeuka joto na kumaliza betri. Katika vizazi vilivyotangulia, koki ya transista ilishika njia ya umeme kwa pande tatu. Katika transista mpya inaizunguka njia hiyo pande zote nne, hivyo kuifunga vizuri zaidi. Samsung ilianza kutumia umbo hilo kwenye chipu za nanomita 3 mwaka 2022, na TSMC imelianza katika kizazi hiki cha nanomita 2.

Namna ya kusoma asilimia zinazotangazwa

TSMC inaeleza kuwa, ikilinganishwa na chipu zake za kizazi cha nanomita 3, chipu mpya zitaongeza kasi kwa asilimia 10 hadi 15 zikitumia umeme ule ule, au zitapunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 25 hadi 30 zikiwa na kasi ile ile. Neno la kuzingatia hapo ni "au". Mtengenezaji wa simu hapati faida zote mbili kwa ukamilifu wake. Huchagua moja, au hugawanya kidogo huku na kidogo kule. Simu inayosifiwa kwa kasi kubwa kupita zote huenda imeitoa kasi hiyo kwenye akiba ya betri.

Neno la pili ni "hadi". Samsung, kwa mfano, inadai kuwa sehemu ya hesabu za jumla katika Exynos 2600 ina ufanisi uliozidi ule wa toleo lililotangulia kwa hadi asilimia 39. "Hadi" inamaanisha kilele kilichofikiwa katika kipimo fulani, wala si hali ya kila saa. Neno la tatu ni "ikilinganishwa na". Baadhi ya matangazo hulinganisha prosesa mpya na ya mwaka uliopita, mengine na ya miaka mitatu iliyopita. Ulinganisho wa pili lazima utoe namba kubwa zaidi.

Aidha, vipimo vingi vya kasi hudumu dakika chache, wakati matumizi ya kawaida huchukua saa nzima. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike. Apple hushauri simu zake zitumike katika mazingira yasiyozidi nyuzi joto 35. Katika miji ya pwani yetu, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa miezi mingi, simu iliyoachwa juani au ndani ya gari hufikia kikomo hicho upesi. Kwa sababu hiyo, faida ya prosesa isiyovujisha umeme mwingi inaweza kuonekana zaidi kwetu katika utulivu wa joto kuliko katika kasi ya kilele.

Kuhusu betri, upungufu wa asilimia 25 hadi 30 wa umeme unaotumiwa na prosesa haumaanishi kuwa simu itakaa na chaji kwa muda ulioongezeka kwa kiwango hicho. Kioo hutumia umeme mwingi, na pale mtandao unapokuwa hafifu, simu hulazimika kutuma mawimbi kwa nguvu zaidi ili kuufikia mnara. Mtumiaji aliye mbali na mnara ataona tofauti ndogo kuliko aliye mjini, hata kama wote wawili wanatumia simu ya aina moja.

Teknolojia mpya huchelewa kufika kwenye simu za bei nafuu

Swali linaloulizwa sana ni lini prosesa hizi zitafika kwenye simu ambazo wananchi wengi wanazimudu. Historia ya karibu inatoa picha. Mwishoni mwa mwaka 2023, wakati simu za bei ya juu zikiingia kizazi cha nanomita 3, Samsung ilitoa simu yake ya bei nafuu ya Galaxy A05 ikiwa na prosesa ya Helio G85, iliyotangazwa mwaka 2020 na kutengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12. Mwaka 2024, toleo la 4G la Galaxy A16 lilikuja na Helio G99, prosesa ya nanomita 6 ya mwaka 2022.

Mifano hiyo inaonesha kuwa simu ya bei nafuu huweza kuwa mpya dukani ilhali prosesa yake ina miaka miwili, mitatu au zaidi. Hilo si udanganyifu; viwanda vya zamani vimekwisha kurudisha gharama zake, na ndiyo maana chipu zake ni rahisi. Lakini linamaanisha kuwa mwananchi anayetafuta simu ya bei ya chini hapaswi kuahirisha ununuzi mwaka huu kwa kusubiri nanomita 2. Teknolojia hiyo itakaa kwanza katika simu za gharama kubwa.

Jina la prosesa pia humweleza mnunuzi mtandao utakaopatikana. Katika bidhaa za MediaTek, jina la Dimensity hutumika kwa prosesa za 5G, na Helio kwa prosesa zinazoishia 4G. Nchini Tanzania, huduma ya 5G ilizinduliwa kibiashara mwezi Septemba 2022. Mwananchi anayeishi mahali ambapo huduma hiyo haijafika hatapata faida ya modemu ya 5G kwa sasa, ingawa anaweza kuihitaji iwapo anakusudia kukaa na simu hiyo kwa miaka mingi.

Kumbukumbu ya simu na suala la bei

Prosesa haifanyi kazi peke yake. Simu yenye prosesa nzuri na kumbukumbu ndogo ya muda, maarufu kama RAM, itasuasua kila mtumiaji anapohama kutoka programu moja kwenda nyingine. Kazi za akili unde zinazofanyika ndani ya simu bila intaneti, kama kutafsiri au kufupisha maandishi, huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kumbukumbu hiyo.

Tangu nusu ya pili ya mwaka 2025, bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani kwa sababu watengenezaji wameelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Athari yake huonekana zaidi katika simu za bei nafuu, ambazo faida ya mtengenezaji ni ndogo. Hivyo basi, inawezekana baadhi ya simu za mwaka huu zikaja na bei iliyopanda, au zikabaki na bei ile ile huku kumbukumbu ikipunguzwa. Mnunuzi asome kiasi cha kumbukumbu kilichoandikwa kwenye boksi, na atofautishe RAM halisi na ile ya ziada inayoazimwa kutoka kwenye hifadhi ya simu, ambayo kasi yake ni ndogo sana.

Miaka ya masasisho ni usalama wa fedha zako

Jambo ambalo halipewi uzito katika matangazo ni muda ambao simu itaendelea kupokea masasisho ya usalama. Masasisho hayo huziba mianya inayotumiwa na wahalifu wa mtandao, na prosesa inahusika moja kwa moja: mtengenezaji wa chipu akiacha kutoa programu za kuiendesha, mtengenezaji wa simu hupata ugumu kuendelea kuisasisha. Ndiyo sababu tangazo la Qualcomm na Google la Februari 2025, la kuwezesha simu zenye prosesa ya Snapdragon 8 Elite kupata masasisho kwa hadi miaka minane, lilikuwa na uzito kwa mnunuzi kuliko ongezeko lolote la kasi.

Jambo la kutia moyo ni kuwa ahadi hizo hazijabaki kwenye simu za gharama tu. Google mwaka 2023 na Samsung mwanzoni mwa mwaka 2024 ziliahidi miaka saba kwa simu zao kubwa, na Galaxy A16 iliyotajwa hapo juu, pamoja na prosesa yake ya mwaka 2022, iliahidiwa miaka sita. Makala haya hayapendekezi chapa yoyote. Mfano huu unaonesha tu kuwa simu yenye prosesa ya wastani na masasisho ya miaka mingi inaweza kuwa salama kwa fedha za mwananchi kuliko simu yenye kasi kubwa itakayotelekezwa baada ya miaka miwili.

Kabla ya kulipa

Mwananchi anashauriwa amuulize muuzaji mambo manne: jina kamili la prosesa na mwaka ilipotangazwa, kiasi cha RAM halisi, miaka ya masasisho ya usalama iliyoahidiwa na mtengenezaji, na iwapo simu inatumia 4G pekee au na 5G. Majibu ya maswali hayo hupatikana pia katika tovuti ya mtengenezaji, na ni vyema yalinganishwe.

Vilevile, ahakikishe kuwa simu ni halali. Mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizizima simu bandia katika mitandao yote nchini, na tatizo la simu zinazobeba majina ya chapa kubwa huku ndani zikiwa na prosesa duni bado linahitaji umakini wa mnunuzi. Bonyeza *#06# kupata namba ya utambulisho wa simu, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda namba 15090. Ikiwa chapa au toleo linalorejeshwa halilingani na simu iliyo mkononi, usilipe.

Kwa yule ambaye simu yake bado inapokea masasisho, inatunza chaji na inaendesha huduma anazozihitaji, ujio wa prosesa za nanomita 2 si sababu ya kuibadilisha. Kwa yule ambaye simu yake imeacha kupokea masasisho naye anahifadhi fedha humo, muda wa kuibadilisha umefika, na hana haja ya kusubiri nanomita 2.