Kishindo cha vimondo chafuta kumbukumbu ya sumaku miambani

Mtu anayetembea na dira katika vilima vya Vredefort, yapata kilometa 120 kusini-magharibi mwa Johannesburg, Afrika Kusini, anaweza kuona sindano yake ikiyumba kila baada ya hatua chache. Miamba ya hapo ina usumaku mkali, lakini kila kipande kimeelekea upande wake. Ajabu ni kwamba vipimo vilivyochukuliwa kwa ndege juu ya eneo hilo huonyesha usumaku hafifu, kwa kuwa pande hizo nyingi hubatilishana.

Vredefort ndipo lilipoanguka jiwe kubwa kutoka anga za juu takriban miaka bilioni mbili iliyopita. Kwa wanasayansi, mahali hapo ni darasa la kuisoma sayari ya Mirihi.

Mwamba hupata usumaku wake unapopoa. Chembe za madini kama magnetaiti, zikishuka chini ya nyuzi joto 580 za Selsiasi, hujipanga kufuata uga wa sumaku wa sayari na kubaki hivyo kwa mabilioni ya miaka. Joto likizidi tena kiwango hicho, kumbukumbu hiyo hufutika.

Kishindo nacho hufuta, tena bila kuhitaji joto kubwa. Wimbi la mgandamizo hupita mwambani kwa muda mfupi mno na kuvuruga mpangilio wa chembe hizo. Madini ya pairotaiti, ambayo hupatikana katika vimondo vingi vilivyotoka Mirihi, hupoteza usumaku yanapobanwa kwa gigapaskali 2.8, yaani karibu mara 28,000 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Iwapo wakati huo kuna uga wa sumaku, mwamba huandikwa upya, ingawa maandishi ya kishindo huwa hafifu kuliko yale ya kupoa.

Chombo cha Marekani, Mars Global Surveyor, kilichofika Mirihi mwaka 1997, kiligundua usumaku mkali katika miamba ya kale ya kusini mwa sayari hiyo. Lakini juu ya bonde la Hellas, lenye upana wa kilometa zaidi ya 2,000 na lililochimbwa na mgongano, palikuwa kimya. Wengi walihitimisha kuwa uga wa Mirihi ulikuwa umekwisha kuzimika kabla ya Hellas. Suala hili si dogo, maana kuzimika huko huhusishwa na kupotea kwa hewa ya sayari ambayo zamani ilikuwa na maji yanayotiririka.

Mwaka 2005, Laurent Carporzen na wenzake waliwatahadharisha wenzao kwa kutumia Vredefort: bonde linaloonekana kimya kutoka juu laweza kuwa na miamba yenye usumaku mkali. Walishuku kuwa mgongano wenyewe ndio uliouvuruga. Mwaka 2012 Carporzen na wenzake walirudi na jibu lisilo la kishujaa sana: sehemu kubwa ya mkanganyiko huo ni kazi ya radi zilizopiga vilima hivyo. Tahadhari kuhusu Mirihi haikufa kwa hilo. Utafiti wa mwaka 2020, uliotumia vipimo vya chombo MAVEN, ulionyesha dalili za uga hai hadi miaka bilioni 3.7 iliyopita, baada ya Hellas.

Vimondo vingeweza kuamua ubishi huu, lau visingekutana na binadamu. Wawindaji wa vimondo jangwani huvitambua kwa kuvigusisha sumaku ya mkononi, na sumaku hiyo hufuta kwa sekunde moja kile ambacho hata kishindo cha kurushwa kutoka Mirihi hakikukimaliza. Mwaka 2023 watafiti walieleza kuwa vipande walivyovipima vya kimondo maarufu cha Black Beauty, chenye chembe za zaidi ya miaka bilioni 4.4, vilikuwa vimeharibiwa kwa namna hiyo. Kipo kifaa kidogo cha kupimia wepesi wa jiwe kupokea usumaku, nacho hakiachi alama yoyote.