Mungu Asiye na Viganja

Ukiiona sanamu yake kwa mara ya kwanza utadhani fundi aliitupa patasi chini akaenda kula. Uso mkubwa mweusi, macho mawili ya mviringo kama sahani, mikono mifupi inayokatikia njiani. Viganja hana, miguu hana. Huyo ndiye Jagannath, Bwana wa Ulimwengu, na kwao ni Puri, mji wa pwani katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Hekalu lake la mawe lilijengwa karne ya 12. Humo anaishi na dada yake Subhadra, wa rangi ya manjano, na kaka yao mkubwa Balabhadra, mweupe. Nao pia viganja hawana.

Sikilizeni ilivyokuwa.

Zamani mfalme Indradyumna alitamani kumchongea mungu sanamu. Siku moja mawimbi yakaleta gogo la ajabu mpaka ufukweni. Maseremala wakaitwa, na kila aliyetia patasi, patasi ikavunjika. Ndipo akatokea mzee mmoja mkongwe, akasema, "Kazi hii naiweza. Ila nifungieni chumbani siku 21, na mlango usifunguliwe, hata iweje."

Siku za mwanzo nyundo ilisikika, ko! ko! ko! Kisha kimya. Malkia Gundicha akatega sikio mlangoni: kimya. Akahofu mzee amekufa njaa mle ndani. Mfalme akasita, malkia akamsihi, mlango ukafunguliwa. Mzee hayumo! Zimebaki sanamu tatu ambazo hazijamalizika. (Msimcheke malkia. Mimi nisingefika hata siku ya tatu.)

Mfalme akajuta sana, lakini akaambiwa na mungu aziweke hekaluni vivyo hivyo. Wengi husema yule mzee alikuwa Vishwakarma, fundi wa miungu. Wengine husema alikuwa Vishnu mwenyewe.

Hadi leo sanamu za Puri huchongwa hivyo, tena kwa mti wa mwarobaini. Naam, mwarobaini huuhuu ambao bibi zetu huchemsha majani yake tukishikwa na homa. Mbao huzeeka, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa, mara nyingi 12 au 19, miungu hupewa miili mipya. Ilikuwa hivyo mwaka 1996, kisha 2015. Usiku wa kubadilisha miili, mhudumu mzee hufungwa kitambaa machoni na kuviringishwa nguo mikononi, halafu huhamisha kitu cha siri kutoka mwili wa zamani hadi mpya. Ni kitu gani? Hata yeye hajakiona.

Sasa, asiye na viganja hufanyiwa kila kitu. Mnamo Juni hivi, mwezi ukiwa mpevu, Jagannath na nduguze hutolewa nje na kuogeshwa kwa maji ya vyungu 108. Kwa maji yote hayo, nani asingepata homa? Basi huugua! Kwa siku kama 15 watu hawaruhusiwi kuwaona. Wanaowauguza ni wahudumu waitwao Daitapati, wanaojihesabu kuwa uzao wa Vishvavasu, mkuu wa watu wa msituni ambaye hadithi inasema ndiye aliyemwabudu mungu huyo kabla ya mfalme yeyote. Huwapa matunda na dawa za mizizi, kama tunavyouguza mgonjwa nyumbani.

Wakipona, husafiri. Kila mwaka huundwa magari mapya matatu ya mbao, marefu kama nyumba ya ghorofa: la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, la Subhadra 12. Kabla ya kuondoka, mfalme wa Puri hupanda na kuyafagia kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Mfalme, na ufagio! Kisha maelfu ya watu hushika kamba nene na kuvuta, mwendo wa kilomita tatu hivi, hadi hekalu la Gundicha, ambalo wengi huliita nyumba ya mama yao mdogo.

Njiani gari la Jagannath husimama karibu na kaburi la Salabega, mshairi aliyezaliwa na baba Mwislamu. Husimuliwa kwamba aliugua akiwa mbali, akamwomba mungu amsubiri, na gari likagoma. Watu walivuta mpaka jasho likawatiririka. Gurudumu halikusogea hata shubiri moja mpaka Salabega alipofika.

Lakini kuna mtu ameachwa nyumbani: Lakshmi, mke wa Jagannath. Kaka kaenda, dada kaenda, yeye hakuambiwa hata neno. Siku ya tano uvumilivu humwishia. Hubebwa kwenye machela hadi kwa mama mdogo, wahudumu wake humegua kipande cha gari la mumewe, kisha yeye hurudi kwa uchochoro mwingine, kimyakimya.

Safari huchukua siku tisa. Wakisharudi, wakiwa bado juu ya magari, miungu huvishwa mapambo ya dhahabu, pamoja na mikono na miguu ya dhahabu, na umati hufurika kuwatazama. Siku hiyo Jagannath huwa na viganja. Dhahabu huvuliwa, na siku ya kuingia ndani inapofika, Balabhadra anapita, Subhadra anapita, Jagannath anafungiwa mlango usoni. Lakshmi hajasahau.

Hapo huanza mabishano. Wahudumu wa Lakshmi husema ndani kwa niaba yake, wa Jagannath hujibu nje kwa niaba yake, maneno kwa maneno, na watu husikiliza wakicheka. Mwishowe mume huleta zawadi ya kuomba radhi: rasgulla, vidonge laini vyeupe vya maziwa yaliyogandishwa, vinavyoelea katika shira. Yeye viganja hana, kwa hiyo mhudumu ndiye anayemshikia chungu, shira ikimdondokea vidoleni, mpaka komeo lisikike likivutwa.