Boma (neno)

Boma (wingi: maboma) ni neno la Kiswahili linalotaja mahali palipozungushiwa ukuta, ua wa miti au miiba, pamoja na majengo yaliyo ndani yake. Kutokana na maana hiyo zimepatikana nyingine kadhaa. Katika mikoa ya Iringa na Mbeya, kwenye Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, karibu zote zinatumika hadi leo, na msikilizaji huitambua maana kwa kuangalia ni nani anayesema na anazungumzia shughuli gani.

Asili

Wako wanaodai kwamba neno hili ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza kuhusu utawala wa Waingereza ng'ambo. Dai hilo si kweli. Henry Morton Stanley alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1878, na kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf iliyotolewa mwaka 1882 inalo, ilhali Waingereza walishika Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza tu. Kiingereza ndicho kilichokopa.

Ngome na ofisi

Jina la Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani boma kwa maana ya ngome. Ngome iliyosifiwa zaidi ni ile ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga, iliyozungukwa na ukuta mrefu na kutekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Baada ya hapo Wajerumani walijenga maboma yao wenyewe, na kwa kuwa askari, kodi na hukumu vyote vilitoka humo, neno likahama kutoka ukuta kwenda kwa serikali. Huko Tukuyu, mkoani Mbeya, mabaki ya boma la Kijerumani yamekuwa sehemu ya ofisi za wilaya ya Rungwe. Mjini Iringa jengo la Kijerumani linaloitwa Iringa Boma limekuwa makumbusho tangu mwaka 2016.

Hadi leo "bomani" ni kwa Mkuu wa Wilaya, hata kama ofisi yake iko katika jengo jipya lisilo na ukuta wa ngome. Kutoka hapo imepatikana "ndoa ya bomani", yaani ndoa ya kiserikali isiyofungwa kanisani wala msikitini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla yake.

Makazi ya wafugaji

Katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, boma ni makazi ya mfugaji pamoja na zizi la ng'ombe. Boma moja la Wamaasai laweza kuwa na kaya kadhaa, kila mke na nyumba yake. Kwa hiyo idadi ya maboma si idadi ya kaya, jambo lenye uzito pale wafugaji wanapotakiwa kuhama, kama ilivyotokea Usangu miaka ya 2006 na 2007.

Jengo lisiloezekwa

Maana inayosikika sana siku hizi katika mikutano ya vijiji na bungeni ni ya jengo lenye kuta bila paa. Anayetangaza kuuza "kiwanja chenye boma" anauza kuta, na mnunuzi akidhani ni nyumba ataumia mwenyewe.

Boma la zahanati au darasa huanza kwa nguvu za wananchi: mchanga, mawe, tofali za kuchoma, michango ya fedha na siku za kazi. Likifika kwenye lenta, husubiri halmashauri ilete fedha za mbao, bati, lipu na milango. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007–2017 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati, na wanavijiji wengi waliitikia kwa kupandisha kuta.

Hali ya hewa ya nyanda hizi haisamehe boma linalochelewa. Mvua huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Maji hupenya kwa juu, udongo ulioshikilia tofali hulainika, na ukuta huanza kupasuka. Katika bajeti jengo hilo huendelea kuandikwa chini ya "ukamilishaji wa maboma". Mama mjamzito wa kijiji hicho bado hutembea hadi zahanati ya kijiji jirani, na waliochanga mara ya kwanza huombwa kuchanga tena.

Nchini Kenya

Kenya boma ni hasa nyumbani, makao ya familia. Kituo cha utamaduni cha Bomas of Kenya, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1971, kinaonyesha maboma ya makabila mbalimbali. Jina lake limepewa wingi wa Kiingereza. Kwa kuwa mkutano wa katiba ulifanyika hapo, rasimu ya mwaka 2004 inaitwa Rasimu ya Bomas.