Kazi mchana, darasa jioni: Piga hesabu ya saa kabla ya kulipa karo

IFIKAPO saa kumi na moja jioni jijini Nairobi, wafanyakazi wengi hukimbilia matatu za kuwarudisha makwao. Hata hivyo, wapo wengine ambao hushika njia tofauti, vitabu wamevifutika kwapani. Hawa ni makarani, wauguzi, walinzi, wauzaji wa madukani na hata mameneja ambao, baada ya kumtumikia mwajiri kutwa nzima, huketi tena darasani kuanzia saa kumi na moja unusu hadi saa mbili unusu usiku.

Zamani nafasi zao zilikuwa chache. Mfanyakazi aliyetaka kusoma jioni aghalabu aliishia Kenya Polytechnic, ambayo tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, au katika vyuo vya kibinafsi vya uhasibu na uhazili. Mlango ulipanuka mnamo 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya wanaojilipia karo, ambayo wengi waliyaita masomo sambamba. Vyuo vikuu vingine vya umma vilifuata mkondo huo.

Sababu za kurudi darasani ni nyingi. Kuna aliyemaliza kidato cha nne akakosa karo ya kuendelea, akaajiriwa kwanza. Kuna aliyekaa katika cheo kimoja kwa miaka kumi kwa kuwa hana diploma. Na kuna yule ambaye alimfunza kazi kijana aliyetoka chuoni, kisha akamwona kijana huyo huyo akifanywa mkubwa wake. Kwa watu kama hawa, cheti si pambo la ukutani. Ni mshahara, ni heshima, na pengine ni karo ya watoto wao.

Lakini wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Wapo wanaoanza kwa bidii na kutoweka kabla ya mwaka kuisha, na si lazima wawe wazito wa akili. Wengi walihesabu shilingi za karo bila kuhesabu saa zao.

Juma lina saa 168

Chukua mfano wa karani anayeishi Githurai na kufanya kazi katikati ya jiji. Yuko kazini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku tano, yaani saa 45. Safari ya kwenda na kurudi humla saa tatu kwa siku, jumla 15. Darasa ni jioni nne za saa tatu tatu, hizo ni 12. Akilala saa saba kila usiku, 49 zimekwenda. Kula, kuoga na kuvaa kukichukua saa mbili kwa siku, ongeza 14. Kisha, kwa kila saa ya darasa, anahitaji walau saa moja ya kusoma peke yake, ambazo ni 12 nyingine. Jumla ni 147.

Kwenye karatasi amebakiwa na saa 21. Si haba, utasema. Lakini hebu itazame siku yenyewe. Darasa likiisha saa mbili unusu, atafika nyumbani karibu saa nne. Akimaliza kula na kuoga ni saa tano, na kesho yake lazima aamke saa kumi na moja alfajiri. Usingizi wa saa saba tayari umekuwa wa saa sita, na kitabu hakijafunguliwa. Maana yake ni kwamba zile saa za kusoma zote zinalundikana kati ya Ijumaa jioni na Jumapili, siku ambazo pia zina kufua, ibada, harambee, matanga na safari ya kuwaona wazazi.

Kwa hivyo, ikiwa chuo chako kinaruhusu, chukua masomo mawili kwa muhula badala ya manne. Utamaliza ukiwa umechelewa kidogo, lakini utamaliza. Nusu saa ya kusoma wakati wa chakula cha mchana ni saa mbili unusu kwa juma. Usijidanganye, hata hivyo, kwamba utasoma ndani ya matatu yenye muziki wa kupasua masikio.

Siku hizi kuna pia masomo ya mtandaoni. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mnamo Agosti 2023, kiliundwa kufundisha kwa njia hiyo. Faida yake ni kuwa saa za barabarani hupungua. Saa za kusoma hazipungui. Isitoshe, mtoto akikuona sebuleni hajui kuwa uko darasani.

Mwajiri ajue mapema

Wafanyakazi wengine husoma kwa siri wakiogopa kuonekana kama wanaotaka kuhama. Siri hiyo hufichuka siku ya mtihani, na kwa njia mbaya. Ni vyema kujua sheria inasema nini. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo kamili, baada ya miezi 12 ya kazi mfululizo. Sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kutoa likizo ya masomo. Hiyo hutegemea kanuni za kampuni yako au mkataba wa chama cha wafanyakazi.

Kwa hivyo, usizimalize siku zako za likizo ukidhani utahurumiwa. Mara ratiba ya mitihani inapotolewa, omba ruhusa kwa maandishi. Na ikiwa mwajiri amejitolea kukulipia karo, usome mkataba vizuri kabla ya kutia sahihi. Wengi hutaka uwatumikie kwa muda fulani baada ya kuhitimu, la sivyo urudishe pesa zao.

Deni la nyumbani

Hata mwajiri akikubali, kuna mtu mwingine ambaye saa zake zinachukuliwa bila kuulizwa. Huyu ni mke, mume au mtoto. Mtoto mdogo anaweza kukaa tangu Jumatatu hadi Alhamisi bila kumwona mzazi wake akiwa macho. Mwenzi naye, asipoelezwa, huanza kujiuliza ni masomo gani haya ya saa nne za usiku. Ugomvi ukianza, vitabu ndivyo hulaumiwa.

Hapa pana jambo ambalo akina baba hawapendi kulisikia. Baba akienda chuoni, nyumba nzima hujipanga kumsaidia. Watoto huambiwa wanyamaze, na chakula chake huwekwa akakikuta. Mama akienda chuoni, mara nyingi hukuta vyombo havijaoshwa na kuulizwa chakula cha jioni kiko wapi. Huyu anabeba kazi tatu, si mbili. Mume anayejivunia mke msomi na aingie jikoni zile jioni nne.

Kabla ya kujiandikisha, kaeni chini kama familia. Bandikeni ratiba ukutani, kila mmoja aione. Semeni nani atapika, nani atakagua kazi ya shule ya watoto, na nani atakungoja kituoni usiku ikiwa njia si salama. Wapeni watoto jioni moja isiyoguswa na kitabu. Watoto wakubwa wanaweza kusoma nawe kwenye meza moja, na huo ni mfano kuliko hotuba yoyote.

Kuhusu pesa, hakikisha kwanza kwamba chuo kimesajiliwa. Vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), na vyuo vya kiufundi na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi (TVETA). Ulizia mkopo wa karo katika chama chako cha akiba na mikopo, na pia katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa mnamo 1995. Ongeza nauli ya usiku na chakula cha jioni kwenye hesabu, kwani hivyo ndivyo hutoboa mfuko polepole.

Na mambo yakikuzidi, labda mtoto ameugua au kazi imebadilika, usitoweke. Nenda ofisini uombe kuahirisha muhula kwa barua. Aliyeahirisha ana mahali pa kurudi. Aliyetoweka huenda akatakiwa kuanza upya na kulipa upya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakuna aliyesema ainame bila kupumzika.